Mvua Isikatike Kwanza

Jumatatu, 2 Machi

Wanaume wa mji huu, hamna haya hata chembe! Mnaingia kwa Fundi Mkasi kwa mlango wa mbele, mnacheka naye, mnatoka na vichwa kama shamba la mahindi lililopitiwa na mbuzi, mnamwambia, "Ahsante Fundi, leo umenitengeneza kweli," halafu mnajitia kofia, mnazunguka nyuma ya soko na kuingia kwa yule binti wa ng'ambo ya barabara awasawazishe kwa mashine. Mnadhani hamwonekani. Mimi nawaona. Baraza langu linatazama pande zote mbili, na macho yangu, Mungu ashukuriwe, hayajaingia kutu.

Haya nayaandika kwa sababu mjukuu wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na anaishi kwangu, ameniletea daftari. "Bibi," kaniambia, "ukipandwa na hasira, andika. Usimkaripie kila anayepita barazani. Watu wanazunguka njia ya mbali kwa sababu yako." Wazunguke. Miguu ni yao. Mimi niliishia darasa la nne, lakini kuandika najua na kukaripia najua zaidi. Nitafanya yote mawili.

Fundi Mkasi ni mpangaji wangu. Chumba cha mbele cha nyumba hii ndicho anachonyolea tangu mume wangu akiwa hai, na kati yake na mimi kuna ukuta mmoja. Kila asubuhi kabla ya kufungua, hugonga ukuta mara mbili kwa kipini cha brashi, ko-ko, nami najua chai inatakiwa. Mume wangu alipokufa nikawa sitaki kuamka, ni ile ko-ko iliyonitoa kitandani. Huwezi kumwacha mtu anagonga tu kama mjinga.

Na sasa haoni. Hakuna anayesema, lakini mji mzima unajua. Leo asubuhi kaingia kwangu, kaliamkia koti langu lililotundikwa msumarini. "Umeamkaje, Bi Mkubwa?" Mimi nilikuwa nyuma yake na birika mkononi. Nikajibu hukohuko nyuma, kwa sauti ndogo, ili koti lisiaibike.

Jumatano, 4 Machi

Mvua ya kwanza. Bucha, yule muuza nyama wa kona, alikuwa ametangaza kwamba mwaka huu hakuna mvua. Kila mwaka hutangaza, na kila mwaka hulowa.

Alhamisi, 5 Machi

Mjukuu kaniuliza, "Bibi, wewe unayemwambia kila mtu ukweli wake, mbona Fundi humwambii?" Nikamjibu mimi si mteja, Fundi hanyoi wanawake. Kacheka kile kicheko cha kialimu, cha kumwonyesha mtoto kwamba jibu lake kalinakili kwa mwenzake. Nikamtuma akasugue sufuria.

Jumapili, 8 Machi

Mtoto wa Fundi amepiga simu. Anakaa mji mkubwa, ana nyumba nzuri na mke mzuri. Fundi hana simu, anatumia yangu, kwa hiyo mambo yake yote yanapitia sikioni kwangu kwanza. Sijalalamika.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mbona unapiga Jumapili tu, siku nyingine vidole vinauma?"

Kacheka. Kisha kasema, "Mama, nasikia mzee haoni vizuri."

"Nani kakuambia?"

"Watu."

Watu! Katika mji huu ukipiga chafya chumbani, mtu wa mji wa pili anakuambia pole.

Kasema mvua ikikatika na barabara ikipitika atakuja na gari amchukue baba yake akapumzike kwake. Chumba kipo, kimeshapakwa rangi. Mtoto hana ubaya wowote, na hilo ndilo linaloniudhi. Mtu akiwa mbaya unamfokea, moyo unatua. Mwenye adabu unamfanya nini?

Nikaenda upande wa pili kumpa Fundi habari. Alikuwa ananoa wembe kwenye mkanda.

"Utaenda?" nikamuuliza.

"Kama hapa sina kazi, nitaenda. Mzee asiye na kazi hata kiti kinamchoka." Akaupitisha wembe mara mbili. "Lakini kazi ipo, Bi Mkubwa. Tena inazidi. Siku hizi Bucha anakuja kila wiki."

Anakuja kila wiki kwa sababu anakuja kuonyesha uso, kisha anakwenda kutengenezwa kisogo! Ndiyo hila yao, na sasa nimeielewa. Wanamficha Fundi ili asijione hana kazi, kwa sababu akijiona hana kazi ataondoka. Nilikuwa na maneno mdomoni, nikayameza. Yamenikaa kooni mpaka chakula cha jioni.

Jumatatu, 9 Machi

Mvua. Nyesha, nyesha tu.

Alhamisi, 12 Machi

Mchumba wa mjukuu wangu amekuja kuzungumza habari za harusi. Itakuwa Jumamosi ya tarehe 25 mwezi ujao. Kijana ni fundi baiskeli, mpole, mikono haiishi grisi. Wanamwita Kichogo, na hakuna haja ya kuuliza sababu: yeye akiingia chumbani, kichogo chake kinafika baadaye.

Katika mji huu bwana harusi hunyolewa na Fundi Mkasi, siku moja kabla. Ndivyo ilivyo. Alimnyoa mume wangu, alimnyoa baba yake Kichogo, na nywele za kwanza za Kichogo mwenyewe alizinyoa yeye mtoto akilia kama king'ora. Nikamuuliza kijana, kwa upole wangu wote, kama msimu huu angependa labda kufikiria njia nyingine.

"Hapana, Bibi. Fundi ndiye aliyenianza, Fundi ndiye atakayenimaliza."

Huko kummaliza ndiko ninakokuogopa. Mjukuu alikitazama kile kichwa kama mtu anayeaga.

Jumanne, 17 Machi

Nimemwita Binti Mashine, yule wa ng'ambo ya barabara, aje barazani nimpe dawa yake. Ana miezi michache tu hapa mjini, ana kioo kikubwa, redio, na mashine ya umeme inayolia kama nyuki.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekuja kumnyang'anya mzee wa watu riziki yake?"

Nilitegemea atalia au atanijibu ovyo, yote mawili nilikuwa nimejiandaa. Badala yake kakaa chini, kwenye ngazi, kwenye matone.

"Bibi, mimi kazi yangu naipenda lakini hapa siifanyi. Wanakuja wamejifunika kama wezi. Nikimweka mtu sawa kabisa ananiambia, aa, niachie makosa kidogo, Fundi asije akajua. Mimi nimefundishwa kuondoa makosa, hapa naambiwa niyapande! Tena kwa ajili ya mtu ambaye hata salamu yangu haitikii."

"Unamsalimia?"

"Kila asubuhi. Nampungia mkono."

Jamani. Mtu haoni, unampungia mkono!

"Kesho msalimie kwa mdomo," nikamwambia. "Kwa nguvu. Na uinuke hapo, utaugua, halafu watasema ni mimi."

Jumatano, 18 Machi

Kamsalimia. "SHIKAMOO FUNDI!" Mbuzi wawili wamekata kamba. Fundi katoka mlangoni na uso unang'aa. "Marahaba! Nani huyo mwenye kifua kizima hivyo?"

"Ndiye mwenzako wa ng'ambo," nikamwambia.

"Ah! Anayefuga nyuki ndani ya sanduku." Akaingia ndani anatabasamu.

Jumamosi, 21 Machi

Mvua. Nguo zinanuka. Mbuzi wa jirani amehamia barazani kwangu kama mpangaji, tofauti ni kwamba mpangaji hupiga hodi.

Ijumaa, 27 Machi

Maji yamechukua kalvati. Barabara imekatika, hakiingii kitu wala hakitoki. Soko zima linalalamika, nami nimelalamika pamoja nao kwa sauti kubwa. Rohoni nimefurahi. Gari la mtoto wa Fundi halina mbawa.

Jumatatu, 30 Machi

Upepo umempokonya Bucha kofia akitoka nyuma ya soko. Ikabiringika barabarani, naye nyuma yake na tumbo lile, ikaenda kusimama mlangoni kwa Fundi. Fundi kaiokota, kainusa.

"Hii ya Bucha. Inanuka figo. Mbona mnajifunika sana mwaka huu?"

"Mvua, Fundi," Bucha kasema, anahema. "Mvua tu."

Kisogo chake kilikuwa kinametameta kwa mashine. Fundi akampa kofia yake, akampapasa shingo kidogo, kirafiki, akarudi ndani.

Ijumaa, 10 Aprili

Nguzo ya umeme imeanguka. Mji mzima hauna umeme, na nyuki wa Binti Mashine wamekufa. Wanaume wote wamerudi kwa Fundi, na safari hii hakuna wa kuwarekebisha.

Fundi anaimba. Sijamsikia akiimba kwa muda mrefu. Mimi nimekaa barazani nahesabu maafa: mmoja katoka na ngazi, mwingine na kisiwa, Muuza Dawa, mtu mzima mwenye koti jeupe, katoka na kitu mfano wa njia ya siafu kutoka sikio hadi sikio. Wote wanasema ahsante. Wote wanasema umenitengeneza. Hata akina mama sokoni wameacha kucheka, wamefika mahali pa kuwahurumia.

Jumatano, 15 Aprili

Watu wa umeme wamesema nguzo mpya haiwezi kuletwa mpaka barabara itengenezwe, na barabara haitengenezeki mpaka mvua ikatike.

Nimekaa nikalipima jambo hili kama anavyopima Bucha, ila bila kuweka kidole kwenye mizani. Mvua ikiendelea, umeme haurudi, na mjukuu wangu ataolewa na kichwa cha ajabu. Mvua ikikatika, umeme utarudi, barabara itapitika, na Fundi ataondoka. Mungu atakuwa ananisikia asubuhi naomba hivi, jioni naomba vile. Nimemwomba radhi kwa usumbufu.

Jumapili, 19 Aprili

Mvua. Mtoto wa Fundi kapiga. Anauliza hali ya hewa. Nimemwambia hali ya hewa ni mbaya sana, baba.

Ijumaa, 24 Aprili

Leo nina mengi. Mkono unauma lakini nitaandika.

Alasiri Kichogo kakaa kwenye kiti kunyolewa. Kwenye benchi walikuwepo Bucha na Muuza Dawa. Mjukuu alisimama mlangoni, mimi nikavuta kigoda nikakaa kando yake. Fundi alikuwa amevaa shati lake la harusi za watu. Kafunga kitambaa shingoni mwa Kichogo, kapiga mkasi hewani mara tatu kama kawaida yake, akaanza upande wa kushoto.

Nilisema moyoni labda. Labda leo mikono itakumbuka. Mkasi ukaingia juu ya sikio, ukapanda, ukapanda, ukaacha njia nyeupe iliyonyooka kuliko barabara yoyote ya mji huu, ila ilikuwa haiendi popote. Kichogo kafumba macho.

"Inapendeza," Bucha kasema.

"Hasa upande huo," Muuza Dawa kasema.

Mjukuu kaziba mdomo kwa mtandio. Nikasikia anavuta kamasi. Huyu hakulia hata alipofeli mtihani wa kwanza wa ualimu. Maneno niliyoyameza tangu Machi yakapanda yote kwa pamoja.

"Fundi," nikasema, "weka mkasi chini."

"Kuna nini?"

"Huoni."

Mkasi ukasimama hewani.

"Nani mwingine anasema hivyo?" Fundi kauliza. Hakupandisha sauti. "Bucha?"

"Mimi... Fundi, mimi naona... leo mvua kubwa kweli."

"Muuza Dawa?"

Muuza Dawa alikuwa anasoma kucha zake.

Fundi kaufuta mkasi, kauviringisha kwenye kitambaa chake, kautia mfukoni. Kachukua koti, kalivaa taratibu kifungo kwa kifungo. Alipopita mbele ya benchi kasema, "Bucha, usisahau kofia yako," kisha akatoka kwenye mvua.

Hapo ndipo wale mabubu walipopata ndimi. "Bibi, umemvunja mzee moyo!" "Bibi, sasa ataondoka!" "Bibi, hukuweza kungoja?"

"Ningoje nini? Amnyoe sikio?" nikawaambia. "Nyinyi mmempaka mafuta kwa mgongo wa chupa msimu mzima! Mtu haoni, mnamwambia anaona. Huo ndio wema? Mbuzi wa barazani kwangu ana wema zaidi, yeye akichoka hulia."

Bwana harusi akakohoa kidogo kwenye kiti. "Samahani, Bibi. Mimi je?"

Nusu ya kichwa ilikuwa na nywele, nusu ilikuwa na njia.

Binti Mashine alishasikia kelele, akavuka barabara mbio. Kamzunguka Kichogo, kamtazama kulia, kamtazama kushoto, kakuna shavu.

"Bibi, mkasi siujui. Nilifundishwa mashine tu, na mashine bila umeme ni jiwe."

"Tumnyoe kipara," Bucha kasema.

"Kipara, na kichogo hicho?" nikamwambia. "Wageni watauliza bwana harusi kabeba nini."

Nikachukua gunia, nikajifunika, nikatoka. Fundi anakaa chumba cha nyuma ya kinu cha kusaga, na njia yake ni matope matupu. Kiatu changu kimoja kimebaki huko. Sikirudii.

"Hodi."

"Nani?"

"Unajua ni nani."

"Koti, au mwenyewe?"

Nikasimama pale mlangoni natiririka maji. Alikuwa amekaa kitandani, sanduku liko wazi pembeni yake, ndani shati moja.

"Kumbe ulijua lile lilikuwa koti!"

"Bi Mkubwa, koti halinuki moshi wa jiko, wala halihemi. Nililiamkia makusudi. Lina adabu kukushinda. Halijawahi kunikaripia hata siku moja."

Nikakosa la kusema. Iandikwe hapa, kwa sababu haitatokea tena.

"Kwa hiyo unajua huoni," nikasema.

"Sasa nani angejua kabla yangu? Naona mwanga, naona vivuli. Nyuso zimeniaga tangu mwaka jana."

"Na kwamba wanakwenda kwa binti?"

"Kichwa nilichokinyoa jana, nikikishika leo sitakijua? Shingo ya Bucha inakuja kwangu laini kama yai. Mimi tangu nianze kazi sijawahi kuilainisha shingo ile, ina mikunjo kama pazia."

"Basi kwa nini hukufunga duka?"

Kashangaa kweli. "Niwafungie waende wapi? Bucha atasengenya wapi? Na yule Muuza Dawa, nyumbani kwake hata kukohoa anaomba ruhusa. Benchi lile ndilo baraza lao. Nikasema niwahurumie, nivumilie angalau mvua iishe."

Jamani, nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. "Wao wanakuja kwa kukuhurumia wewe, wewe unafungua kwa kuwahurumia wao, na vichwa ndivyo vinavyoteseka!"

Naye kacheka, kisha kaacha. "Lakini leo nimemsikia mjukuu wako akilia. Sikujua naharibu kiasi hicho. Na wewe hukuniambia, Bi Mkubwa. Wewe uliyemwambia mwenyekiti wa mji mbele za watu kwamba suruali inambana. Kwa nini?"

"Nani angegonga ukuta?" nikasema.

Sipendi kukaa na maneno ya namna hiyo chumbani, yanajaza nafasi. Nikamwambia, "Inuka. Kuna mtu ana nusu kichwa huko na kesho anaoa. Wewe mikono unayo, binti wa nyuki macho anayo. Kati yenu atapatikana kinyozi mmoja."

"Kinyozi hajinyoi," kasema, anatafuta viatu kwa miguu.

"Maana yake nini sasa?"

"Maana yake hata fundi kuna mahali anahitaji mkono wa mwenzake. Twende."

Akanishika kiwiko, tukarudi. Mimi kiatu kimoja, yeye macho hakuna, njia ile tumeipita vizuri kuliko wazima.

Kasimama nyuma ya kiti, kaweka viganja viwili juu ya kichwa cha Kichogo kama mtu anayepima tikiti. "Hapa pana kovu, alianguka na baiskeli ya baba yake. Nywele zinazunguka kwenda kulia, kwa hiyo, binti, utatokea kushoto. Njia niliyoiharibu tutaizika chini ya hizi za juu. Na kichogo usikiogope. Juu yake acha nyingi, chini yake punguza, kitajimeza chenyewe. Haya, shika mkasi. Usiukamue! Mkasi unanong'ona, hauna kelele kama sanduku lako."

Yeye akawa anabana nywele katikati ya vidole viwili, binti anakata juu ya vidole. "Nikibana, kata. Ukikosea ukanikata mimi, nitajua." Mwanzo binti alikata kidogo kidogo, kisha akashika mwendo. Bana, kata. Bana, kata. Benchi zima liliinama mbele kutazama.

Walipomaliza mjukuu wangu alikizunguka kile kichwa mara mbili, akatafuta kosa kama anavyotafuta kwenye madaftari, hakuliona.

"Inapendeza," Bucha kasema polepole.

"Nani kakuuliza?" Fundi kamjibu.

Jumamosi, 25 Aprili

Harusi. Mvua ilituachia saa za picha, kisha ikaendelea. Kichogo kimeingia ukumbini pamoja na mwenyewe. Nimelia kidogo. Nimewaambia ni moshi.

Jumatatu, 27 Aprili

Nyumba kubwa kwa mtu mmoja. Mjukuu kahamia kwa mumewe, mtaa wa pili, lakini asubuhi yote nimekuwa nikimwita aje asugue sufuria. Ko-ko ilisikika. Nikajibu kwa kijiko ukutani.

Jumatano, 29 Aprili

Mvua imekatika. Jua limetoka bila hata kuomba radhi.

Jumapili, 3 Mei

Barabara imepitika. Gari jeupe limesimama mlangoni mchana, limejaa matope, mtoto wa Fundi kashuka. Shikamoo Mama, marahaba. Nikamkagua. Amependeza, kanenepa, viatu vinang'aa. Nilitaka kumchukia, nikashindwa.

Alimkuta baba yake kazini. Umeme umesharudi, lakini Binti Mashine amefunga chumba chake cha ng'ambo na kuleta kioo, redio na sanduku la nyuki kwa Fundi. Kwenye kiti alikuwepo Muuza Dawa, mikono ya mzee kichwani, macho ya binti juu ya mikono. Kijana kasimama pale muda mrefu. Kisha kavua kofia yake, kakaa kungoja zamu kama mtu mwingine yeyote.

Ilipofika zamu yake Fundi kaweka viganja, mara moja kasema, "Huyu wangu." Akapapasa. "Nani kakunyoa huko? Kachukua sana kulia. Hukusema kitu?"

"Nilimwambia ahsante, baba. Nilisema inapendeza."

Benchi lilicheka mpaka likasogea. Mji mkubwa au mdogo, wanaume ni walewale.

Baadaye walizungumza barazani kwangu, nami nilikuwa jikoni nasikiliza bila kuficha.

"Baba, chumba kipo. Lakini yupo daktari wa macho pia. Twende akutazame kwanza."

"Nitaenda kutazamwa," Fundi kasema. "Akinisaidia, ahsante. Asiponisaidia, ahsante vilevile. Kisha unanirudisha. Chumba chako kizuri, mwanangu, lakini kichwa kimoja tu ndicho ninachokijua huko."

Kijana kacheka kwa pua kama baba yake. "Nitakurudisha, baba. Hata hivyo Mama hapo jikoni asingenipa njia."

Ameanza kunielewa.

Jumatatu, 4 Mei

Wameondoka asubuhi baada ya chai. Fundi alikuja mwenyewe, akapita mbele ya msumari, akaliamkia koti. "Baki salama, mwenye adabu." Kisha akageuka kwangu na kunikabidhi mkasi wake ndani ya kitambaa. "Mpe binti kila asubuhi, uchukue kila jioni. Na usimkaripie sana. Kidogo tu, asije akazoea vibaya."

Gari lilipokunja kona nikakaa, nikaona kimya kinaanza kuingia ndani kama maji. Hakikufika mbali. Upande wa pili wa ukuta nikasikia ko-ko. Kwa nguvu mno, chokaa imeanguka. Itabidi nimfundishe yule binti.

Sasa nyinyi wanaume wa mji huu, nisikilizeni, na mjukuu wangu atawasomea kwa sauti pale sokoni asiwepo wa kusema hakuambiwa. Kofia zote mziache nyumbani. Kesho mpite mlango wa mbele, mchana kweupe, mmoja mmoja, Bucha wa kwanza. Mtu akinyolewa vibaya aseme vibaya, akinyolewa vizuri alipe na anyamaze. Benchi lifutwe vumbi. Kiti anachopumzikia Fundi mwenyewe asikikalie mtu mpaka arudi. Na mwenzenu Bucha akishaanza kunyolewa, nyie wengine tieni zenu maji.